Mwili wa Mrushaji

Mdogo wangu alikuwa na urefu wa mita mbili na sentimita saba, na kwa miaka yote aliyoishi Sydney sikuwahi kumwona akiingia mahali bila mtu kutoa maoni. Aingie benki, maoni. Apande treni, maoni. Wazungu walimuuliza hali ya hewa huko juu ikoje, kisha wakacheka, kila mmoja akidhani ni yeye wa kwanza kuuliza. Sisi Wakongomani ni wabaya zaidi, maana hatuulizi, tunamshika mtu kabisa. Kina mama wa kanisani kwetu Granville walikuwa wakimkamata mkono baada ya ibada, wakipima kiganja chake na vyao, wakishangaa vidole. Yeye alicheka tu, akainama, akasukuma miwani yake minene juu ya pua. Mimi damu ilinichemka. Nilimbeba mgongoni tangu ana miaka miwili, na sikumbeba ili aje kuwa kitu cha maonyesho.

Tulihamishiwa huku kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, yeye akiwa na miaka kumi na tisa. Kila mtu alikuwa amekwisha kumwamulia atacheza nini: mpira wa kikapu. Hata mfanyakazi aliyetupokea uwanja wa ndege alisema hivyo kabla hajatuonyesha choo. Akajaribu. Alikuwa mbovu, jamani, sitaki kumpaka mafuta kwa sababu amekufa. Aligongana na watu, hakuona mambo ya pembeni, alihema upesi. Mwezi haukuisha wakamwacha, na mmoja wao alisema mbele yangu kwamba ule ni upotevu wa urefu. Nililala na maneno hayo siku nyingi. Upotevu wa urefu, kana kwamba mwili wake ulikuwa mali ya umma.

Akapata kazi kwenye ghala la vyakula baridi pale Minto, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Nyumbani tulikuwa watano: mama, yeye, mimi na wanangu wawili. Kule ghalani walimtumia kama ngazi. Kila boksi la juu walimwita yeye. Msimamizi wake alikuwa Mzungu wa makamo, mwenye shingo iliyoungua jua, ambaye Jumamosi alifundisha besiboli kwenye klabu ndogo ya mtaa. Siku moja, saa ya chakula, huyo msimamizi alimwona mdogo wangu akitupa chungwa bovu kwenye pipa la taka lililokuwa mwisho kabisa wa uwanja wa malori. Chungwa liliingia. Akamwambia arudie. Likaingia tena. Kesho yake akaja na glavu, na tangu siku hiyo sisi nyumbani tulimwita Kocha.

Besiboli hatukuwahi kuiona popote, si kwetu Uvira, si kambini. Nieleze kidogo. Mrushaji anasimama juu ya kijilima cha udongo. Mbele yake amechuchumaa mdakaji wa timu yake mwenye glavu nene, na katikati, kando kidogo, anasimama adui mwenye gongo. Mrushaji anataka mpira umfikie mdakaji, adui anataka kuupiga. Mengine yote, kwa maoni yangu, ni kusubiri. Lakini mdogo wangu aliposimama juu ya kile kijilima na kuinua mkono, mpira ulitokea mahali ambapo wapigaji hawakuzoea kuutazama, ukateremka kwao kama kitu kilichodondoka kutoka dirishani. Niliona wanaume wazima wakirudi nyuma hatua moja. Mara ya kwanza katika maisha yake watu walimtazama wakanyamaza.

Nilifurahi. Lazima niseme wazi, kwa sababu ya yanayokuja. Nilifurahi mpaka nikawa mjinga.

Katika mwaka wa kwanza wa korona, timu ya kulipwa ilikuwa inatafuta warushaji wa hapahapa, maana wageni waliokuwa wakija kila kiangazi kutoka ng'ambo hawakuweza kuingia nchini. Kocha akampeleka ajaribiwe. Nilikwenda naye, nikakaa nje ya uzio na barakoa usoni. Hapo ndipo niliposikia kwa masikio yangu mjadala juu ya mwili wa ndugu yangu, Kocha na mtu mmoja wa timu wakizungumza kwenye uzio, hatua tatu kutoka kwangu, huyo wa timu bila shaka akidhani sielewi Kiingereza.

Yule wa timu alisema mwili kama ule haufai mchezo wa kulipwa. Viungo virefu mno, alisema, kila mahali pana kitu cha kuharibika. Hawezi kuinama upesi. Wapinzani wakijua, watakuwa wanaugusa tu mpira kwa gongo ubingirike taratibu mbele yake, na yeye atahangaika kuuokota kama mtu anayetafuta funguo zake gizani. Tena si haki kumpandisha pale watu wamcheke. Kocha akajibu kwamba mdakaji wa timu hiyohiyo ni mfupi na ana tumbo kama pipa, na hakuna aliyemwita kwenye kikao. "Tell me what the right body is," alisema, "niambie mwili unaofaa ni upi, nami nitakwenda kuutafuta."

Nilimpenda Kocha siku ile. Na yule mwingine nilimchukia, japokuwa, nikikumbuka sasa, hakuna alichosema kilichokuwa na chuki. Alimtazama mdogo wangu akaona kitu kitakachovunjika. Mimi dada yake sikukiona.

Wakamkubali. Ikabaki afya. Na hapa ndipo naingia mimi.

Katika nyumba nyingi za watu wetu yuko mmoja anayesoma barua. Za serikali, za shule, za umeme, zote zinawekwa mezani zinamsubiri. Kwetu ni mimi. Nilisoma kidogo kambini, na kazi yangu ya kutunza wazee ilininyooshea Kiingereza. Mdogo wangu aliweza kusoma, lakini mazoea ni mazoea, karatasi ni za Yaya. Yaya ndiyo namna tunavyomwita mkubwa katika nyumba. Basi fomu ya afya ikaja kwenye simu yake, akanipa simu.

Nilijaza jikoni, naye akiwa amekaa mbele yangu anakula. Tarehe ya kuzaliwa, tarehe moja Januari, kama sisi sote tuliopewa siku za kuzaliwa na karani wa kambi. Mizio, hakuna. Upasuaji, hakuna. Kisha swali likasema: je, kuna mtu yeyote katika familia aliyefariki ghafla, bila sababu kujulikana, kabla ya kufika miaka hamsini?

Nikaweka hapana.

Yeye alikuwa akisoma juu chini, kutoka upande wake wa meza. Akaniuliza, "Yaya, na papa?"

Nikamwambia, "Papa hakufa ghafla. Papa aliuawa."

Akasema sawa, akaendelea kula.

Baba yetu alikufa sokoni Uvira nikiwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa mrefu, kifua chake kimebonyea katikati, na alikuwa akinituma nimsomee namba kwenye vibao kwa sababu macho yake hayakufika mbali. Asubuhi ile alipita kwa mama mmoja jirani, akanywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kikombe kimoja. Saa mbili baadaye aliinua gunia la unga wa muhogo, akaliachia, akapeleka mkono nyuma ya bega kama anayetafuta kitu kilichomchoma mgongoni. Akasema kuna kitu kimekatika. Akakaa chini. Nilikuwa hapo. Hakuinuka.

Kwetu Kivu mtu mwenye nguvu zake akianguka hivyo, hatusemi amekufa, tunasema amepewa. Kuna sumu tunayoiita karuho, na kila mtu anamjua mtu aliyekufa nayo. Kwa hiyo sababu ilijulikana kabla mwili haujapoa. Yule mama aliyeuza kasiksi alifukuzwa mtaani na watoto wake, vyombo vyake vikavunjwavunjwa njiani. Mimi mwenyewe nilirusha jiwe. Sikuwahi kulala macho kwa ajili ya jiwe hilo, kwa sababu nilikuwa na haki.

Kwa hiyo nilipojibu hapana sikudanganya. Fomu iliuliza kifo kisichojulikana sababu, na sisi tuliijua ya kwetu vizuri sana, tulikuwa na sababu, tulikuwa na mkosaji, tulikuwa na mpaka kikombe.

Daktari wa timu alimpima kwa simu. Wakati mwingine wowote angemvua shati, angekiona kile kifua kilichobonyea na ile mikono, labda angeweka chombo asikilize moyo. Lakini ilikuwa korona. Aliongea naye dakika saba, akamuuliza kama anaumwa popote, akasoma majibu yangu, akamtakia msimu mwema.

Msimu wenyewe ulikuwa mfupi, michezo inafutwa kila mipaka ya majimbo inapofungwa. Alirusha michezo minne. Kweli walimchezea ule mchezo wa mpira wa kubingirika, na kweli watu walicheka mara ya kwanza, akajikwaa miguu yake mwenyewe. Mara ya pili yule mdakaji mwenye tumbo alitoka mbio kutoka nyuma ya mpigaji, akauokota yeye. Wakawa wanafanya hivyo kila mara. Mrefu anarusha, mnene anaokota. Watoto walianza kuwaita kwa majina ya utani, na baada ya mchezo wa nne palikuwa na foleni ya watu wa kupiga nao picha. Nilimuuliza kama hachoki kutazamwa. Akasema, "Hapana Yaya, hawa wananitazama kwa sababu ya kitu ninachofanya."

Kisha ikaja ile baridi ya mwaka wa pili wa korona, na mitaa yetu ya magharibi na kusini-magharibi ikafungwa kuliko mingine. Wenyewe mnakumbuka. Kule ufukweni watu wanaota jua, huku kwetu helikopta za polisi zinazunguka juu ya paa na wanajeshi wanagonga milango kuuliza kama mgonjwa yumo ndani. Ruhusa ya kutembea ilikuwa kilomita tano tu kutoka nyumbani. Kanisa kwenye simu. Mimi na mdogo wangu tuliruhusiwa kwenda kazini, maana wazee lazima waoshwe na chakula lazima kipakiwe, tukawa tunachokolewa pua kupimwa mara kwa mara.

Mdakaji wake alikaa upande mwingine wa jiji, nje ya kilomita zetu. Kocha pia alikuwa nje, yeye kwa mitaa miwili tu. Timu ilimwambia mkono usipoe, kiangazi kinakuja. Mazoezi yaliruhusiwa, mtu na mwenzake wa nyumba moja. Mama ana miaka sitini na kitu na magoti mabovu. Wanangu walisema, "No way, Uncle." Basi mdakaji nikawa mimi.

Ungetuona ungecheka. Mimi ni mfupi kama mama, nimechuchumaa kwenye nyasi za bustani nyuma ya nyumba nikiwa na sare ya kazini, glavu kubwa kuliko uso wangu, nafumba macho kila mpira unapokuja. Yeye anarusha polepole kwa ajili yangu, na bado kiganja changu kilivimba kikawa cha buluu mpaka mwenzangu kazini akanivuta pembeni kuniuliza ni nani ananipiga nyumbani. Kocha, akipita njiani kwenda ghalani, alikuwa akiacha chupa za vile vinywaji vya chumvichumvi vya wanamichezo kwenye geti, anapiga honi, anaondoka. Mama hakuvipenda tangu mwanzo. Chupa iliyofunguliwa au isiyofunguliwa, kwake kitu cha kunywa kutoka kwa mtu wa nje ni kitu cha kunywa kutoka kwa mtu wa nje.

Ilikuwa Jumanne, asubuhi, jua kavu la Agosti. Chupa za Kocha zilikuwa zimekwisha tangu wiki iliyotangulia, hilo nalikumbuka. Asubuhi ile mdogo wangu alikunywa chai ya maziwa niliyompikia mimi, na mkate. Tukaenda. Alirusha kama mara ishirini. Ule wa mwisho ulikuja taratibu, ukadunda mbele yangu. Nikainua kichwa nimtanie.

Alikuwa amepeleka mkono nyuma ya bega, anatafuta kitu mgongoni.

"Yaya," akasema. "Mgongo."

Akakaa chini. Niliwahi kuiona ile namna ya kukaa. Nilikimbia kuelekea kwake, na katika zile hatua kumi na kitu, wazo la kwanza lililonijia kichwani, naapa, halikuwa hospitali. Lilikuwa: nani amempa? Amekunywa nini, kwa nani? Na jibu likaja palepale, kabla sijamfikia. Chai. Yangu.

Nilipopiga magoti na kumshika kichwa nilikuwa nimekwisha kujua kwamba yule mama wa Uvira hakufanya kitu. Sikutaka kujua, sikuwa na nafasi ya kujua, ndugu yangu anageuka rangi mikononi mwangu, lakini nilijua.

Gari la wagonjwa lilifika. Watu wawili wamevaa kama wanakwenda mwezini waliniuliza kwanza kama kuna mwenye kikohozi nyumbani. Sikuruhusiwa kupanda. Machela ilikuwa fupi, miguu ikabaki nje, wakamkunja magoti ili mlango ufunge. Saa tano nikapigiwa simu.

Mazishi yalikuwa ya watu kumi. Tulihesabu kwa ugomvi, maana kwa ukoo wa Kikongomani watu kumi hawatoshi hata kubeba vyungu. Wengine waliangalia kwenye simu, mtandao unakatika wakati wa maombi. Jeneza lilitengenezwa maalumu. Kocha hakuwa kwenye kumi. Niliona gari lake nje ya uzio wa makaburi, yeye ndani, kofia kifuani. Mama naye aliliona.

"Bamemupa kitu," mama akasema tuliporudi. "Mutoto muzima haanguke vile bure. Ile machupa ya muzungu. Nilikuambia usimuache akunywe."

Wiki hiyohiyo daktari wa uchunguzi wa maiti alinipigia simu. Sauti ya mwanamke, ya upole, inanipa nafasi ya kuandika. Alisema mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ulikuwa umetanuka na kuwa dhaifu kama kitambaa kilichofuliwa sana, kisha ukachanika. Alisema urefu, vidole, kifua, macho, vyote ni kitu kimoja, mtu anazaliwa nacho, mara nyingi kutoka kwa mzazi mmoja. Akauliza, baba yenu alikuwa mrefu? Alikufaje?

Nikamwambia. Akasema pole, na kwamba mimi na wanangu tupimwe. Tulipimwa, tuko wazima, sote wafupi. Kabla hajakata nikamuuliza kama wangeweza kuona mapema. Akasema ndiyo, kwa kipimo cha kawaida tu. Wangempasua wakaimarisha ule mshipa, naye angeishi. Ila asingerusha mpira tena.

Nimelitafakari hilo mpaka nimechoka. Alichorushia mpira ndicho kilichomuua. Ule mkono ambao wapigaji waliukimbia haukuwa zawadi iliyopakana na ugonjwa, ulikuwa ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo hakupaswa kucheza, hata mchezo mmoja. Ningejibu ndiyo kwenye ile fomu, angezuiwa, angerudi kuwa ngazi ya ghalani, na angenichukia mimi niliyeandika. Leo ningetoa chochote nichukiwe naye. Lakini yule mtu wa uzio hakuwa sahihi vilevile. Alisema miili mirefu haifai. Wako warefu wenye mishipa mizima wanaocheza mpaka wanazeeka, na wako wafupi wanaoanguka. Kwa macho huwezi kujua. Ndiyo maana kuna fomu.

Sikumwambia mtu. Mama alikuwa na mkosaji wake, na mkosaji ndiye aliyemsaidia kuamka asubuhi. Nilijiambia nitasema akipata nguvu. Tulipofunguliwa, Kocha alianza kuja. Alileta supu. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akasema thank you, na gari lilipokata kona akaimwaga kwenye pipa na bakuli lake. Alikuja tena na tena, akakaa kwenye kiti cha plastiki uani. Kwenye mtandao, chini ya tangazo la timu, watu walikuwa wameandika kwamba mtu wa mwili ule hakupaswa kuruhusiwa kabisa, kwamba aliyempandisha pale alitaka sarakasi. Najua aliyasoma yote. Mara moja aliniuliza kama nilimwona amechoka siku za mwisho. Nikasema hapana. Nilimpa chai, nikamwacha abebe lawama.

Aprili iliyofuata alikuja Jumamosi mchana, siku ambayo alitakiwa awe uwanjani. Akakaa. Nikamuuliza vipi, hakuna mazoezi? Akasema yapo, ila ameondoka. Alikuja kijana wa Kisamoa, akasema, mkubwa hivi, akapanua mikono, mzito, hajawahi kushika gongo, na akaupiga mpira wa tatu ukavuka barabara. "Nikamwambia aende akatafute mchezo mwingine," akasema. "Nilimwambia mwili wake haufai. Maneno hayohayo ya yule wa uzio. I couldn't do it again, kumpandisha mwingine."

Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona Mzungu wa rika lile akilia, na sikujua kama inafaa nimguse. Nilimtazama akiwa pale kwenye kiti chetu, mtu aliyehukumiwa kwa kikombe ambacho hakukitia kitu, na safari hii jiwe nilikuwa nimelishika mimi peke yangu. Nikashindwa kuendelea kulishika.

Nikamwambia yote. Fomu, swali, baba, gunia la unga, kasiksi. Ilibidi nimweleze karuho ni nini, na nilipomweleza kwa Kiingereza ilisikika upuuzi mtupu. Nilipomaliza akauliza, "Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu wiki ya mazishi."

Alihesabu kwa vidole, mwezi mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, akafika nane. Nilisubiri anitukane. Badala yake akageuza kichwa kuutazama mlango wa jikoni.

"And your mum? Bado anadhani ni mimi?"

Sikujua kwamba alijua. Labda aliwahi kuliona bakuli lake kwenye pipa.

"Bado," nikasema.

"Nenda kamwambie," akasema. "Nitakaa hapa."

Mama alikuwa jikoni anapondaponda sombe, yale majani ya muhogo, redio ya kanisa iko chini. Nilikaa mbele yake, nikaanza na baba. Aliniambia ninyamaze. Sikunyamaza. Nilieleza mshipa, nikaeleza kwamba ulitoka kwa papa, nikaeleza kwamba hakuna aliyempa mtu kitu, si Uvira, si hapa, na kwamba swali liliulizwa nami nikajibu hapana. Mkono wake uliendelea kuponda muda mrefu, kisha ukasimama. Alitazama dirishani, kule uani, ambako yule mtu alikuwa amekaa na mikono yake magotini.

"Bon," akasema. "Kama haikuwa yule mama, na haikuwa huyu muzungu, basi ni weye."

Nikamwambia ndiyo, mama. Ni mimi.